Soko la Bila Ushuru la Mama Mkwe

Nimewahi kupita kwenye viwanja vikubwa vya ndege, vile ambamo mtu anavuliwa mkanda na viatu, anapekuliwa mpaka mifukoni, kisha anaachiliwa aingie dukani. Hakuna njia nyingine. Huwezi kuifikia ndege yako bila kupita katikati ya manukato, chokoleti na chupa zenye taa nyuma yake, na kila pembe imeandikwa kwamba bidhaa hizi hazina ushuru. Wasafiri wengine hulalamika kwamba wanacheleweshwa. Mimi husimama pale nikitabasamu peke yangu hadi wasichana wa manukato wanakuja mbio, wakidhani wamepata mteja. Sinunui kitu. Ninamkumbuka mama mkwe wangu.

Maana kabla sijaziona taa hizo nilikuwa nimekwisha kuona soko la bila ushuru likizaliwa, likikua, na kuvimba mpaka likaumeza uwanja wenyewe. Ilikuwa Baraka, kando ya ziwa Tanganyika, vita vya pili vya nchi yetu vilipokuwa vimepamba moto. Aliyelizaa soko lile ni yeye, na tangu mwanzo hakuwa na haja na biashara hata kidogo.

Uwanja wetu ulikuwa kipande cha udongo mwekundu ulioshindiliwa, nje kidogo ya mji, na pande zote mbili mashamba ya muhogo. Palikuwa na kibanda kimoja cha matofali ya udongo. Ndani ya kibanda palikuwa na meza, betri ya gari, na foni, ndivyo tulivyoiita redio ya kuitana kati ya kituo na kituo. Nami nilikuwa bwana foni. Asubuhi nilizungumza na wenzangu wa Nundu na Kilembwe, nikauliza waliamkaje. Siku za ndege nilimweleza rubani mawingu yamekaaje juu ya milima, kisha nikatoka kufukuza mbuzi waliopenda kulala katikati ya uwanja. Nilikuwa na miwani ya jua niliyoivaa hata mvua ikinyesha. Nilijiona mtu mzito sana.

Lakini nyumbani uzito huo haukunisaidia. Mke wangu alikuwa amezaa mara mbili, na mara zote mbili tulizika. Daktari wa Nundu alituambia waziwazi: mtoto wa tatu asijaribiwe nyumbani, wala hapo kwake, ambako vifaa vya upasuaji vilikuwa vimeporwa. Apelekwe Bukavu akapasuliwe. Bukavu! Barabara ya Uvira ilikuwa imefungwa na vita, na ziwani kila mtumbwi ulisimamishwa na watu wenye bunduki, leo hawa, kesho wale. Njia iliyobaki ni ndege ndogo ya shirika lililotuletea dawa. Na mke wangu alikuwa tayari ana mimba.

Niliomba kiti kwa foni. Ofisi ya mjini ikajibu kwamba ndege si taksi. Viti ni vya wafanyakazi na majeruhi, familia za wafanyakazi hazimo. Nikaomba tena baada ya wiki, nikajibiwa yaleyale, safari hii kwa ukali. Nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu barazani, mama yake akiwa jikoni, nyuma ya ukuta. Nilijua anasikia. Kelele za sufuria zilikoma.

Siku ya ndege iliyofuata, nilimwona anakuja uwanjani akiwa na meza kichwani.

Sasa, msomaji wa kwingine anaweza kudhani nilifurahi. Nilitamani ardhi ipasuke. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakutani hivihivi. Akija njiani, unaingia majanini, unageuza uso, naye anajifunika kitenge hadi apite. Hampeani mkono, hamkai mkeka mmoja, hamuonani mkila, na jina lake hulitamki hata ukiulizwa na askari. Huo ndio ukwe, na ndiyo heshima yenyewe. Sasa mwanamke huyo, ambaye mimi nilipaswa kumkwepa katika mji mzima, alikuja kuweka meza mahali pekee ambapo sikuweza kuondoka, kwa sababu nililipwa nisiondoke.

Aliweka meza yake mbali na kibanda, akakaa akinipa mgongo. Nami nikageuza kiti changu nikalipa dirisha mgongo. Tukakaa hivyo, watu wazima wawili, kila mmoja akitazama muhogo wa upande wake.

Jioni nilimuuliza mke wangu kwa hasira, mama yako anataka nini kule, ananichunguza?

"Mama hakuendaka kuuzisha samaki," akaniambia. "Anatafuta kiti."

"Kiti kinaombwa ofisini. Na ofisi ilishakataa."

"Ofisi haina macho. Ule mwenye kuendesha ndege iko na macho. Mama anasema huwezi kuomba muntu kitu kikubwa kama hakujui. Acha kwanza amujue."

Nilicheka. Rubani yule alikuwa Mkenya wa makamo, mkimya, ambaye alishusha maboksi ya dawa, akatia sahihi, akaondoka kabla injini haijapoa. Hata mimi bwana foni, niliyemwambia habari za mawingu kila safari, sikuwa na hakika kama anaijua sura yangu.

Ndege ilipokuja tena, mama mkwe alikuwa amepanga mugebuka waliokaushwa kwa moshi, wale samaki warefu wa ziwa letu, na ndagala, dagaa wetu, kwenye beseni, na chupa za mawese. Rubani aliposhuka, macho yake yalikwenda kwa samaki. Akasogea.

"Mama, hii samaki unauza pesa ngapi?"

Badala ya kumjibu, aliinama chini ya meza akatoa kifurushi cha majani ya mgomba: muhogo wa kuchemsha, mayai, ndizi mbivu. Akampa kwa mikono miwili.

"Ni ya nini, mama?"

"Pamba ya njia."

Rubani akatoa pochi. Mama mkwe akarudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyetolewa kisu. Kwetu mtu anayesafiri anafungiwa pamba, chakula cha kula njiani, na pamba haiuzwi. Ukimuuzia msafiri chakula cha njiani watu watakucheka mpaka wajukuu zako. Hili lilikuwa jambo gumu kwa mwanamke anayefungua duka uwanja wa ndege, mahali ambapo kila mteja ni msafiri. Lakini alikuwa amekwisha kulifikiria, na sheria yake alimweleza rubani palepale, kwa Kiswahili chetu ambamo kuuza ni kununua.

"Kile utakula mu njia, unapewa. Kile utapeleka kwako, unauza. Samaki ni ya kwako nyumbani? Basi lipa. Yai ni ya njia. Weka hiyo feza."

Rubani alicheka mpaka akashika kiuno. Sikuwa nimemwona akicheka hata siku moja. Akanunua samaki, akapanda ndege na kifurushi chake mapajani, na safari iliyofuata, kabla hata ya kutia sahihi, alikuwa anamtafuta mama kwa macho.

Ndivyo lilivyoanza. Abiria walipoona rubani ananunua, nao wakanunua. Wanawake wa mjini walipoona abiria wananunua, nao wakaja. Na hapo ndipo suala la ushuru linapoingia, kwa sababu bila hilo soko lingebaki meza mbili tatu.

Miaka ile kila kitu kilikuwa na ushuru. Ukiingia soko la mjini ulikuta kamba imefungwa barabarani na kijana mwenye bunduki anakusubiri achukue sehemu yake ya unga. Ufukweni mzigo uliotoka Kigoma ulitozwa na huyu aliyedai ni serikali na yule aliyedai ni serikali zaidi. Lakini uwanjani hapana. Wazee wa makanisa na wa msikiti walikuwa wamekwenda pamoja kwa mkubwa wa wapiganaji wakamwambia: siku kamba itakapofungwa pale, ndege haitarudi, na dawa za watu wako utazitafuta wapi? Akakubali. Ukawa ndio mahali pekee katika wilaya yetu yote ya Fizi ambapo mtu angeweza kuuza chumvi bila kumpa mtu mwingine sehemu ya chumvi hiyo.

Habari hizo hazikuhitaji foni. Wanawake walipita njia za mashambani, mizigo kichwani, wakaja na mawese, chumvi, sabuni, vitenge vya ng'ambo. Mwenye mashine ya kushona alikuja na mashine yake. Kinyozi akapigilia kioo kwenye mti. Watu wa Kilembwe walishuka na karanga na mchele, wakilala njiani, na hawakuwa na ndege ya kusubiri wala mtu wa kupokea; walikuja sokoni tu. Siku zisizo na ndege zikawa na watu wengi kuliko siku za ndege. Kukawa na upande wa vitenge na upande wa samaki, na mahali pa pombe ya mahindi ambapo wanaume waliojifanya wanasubiri abiria walisubiri mpaka wakaanguka.

Rubani naye alikolea. Alikuwa anakaa sasa, anakunywa chai, na siku moja akatuhadithia juu ya uwanja mkubwa wa kwao, Nairobi, ambako alisema nako kulianza na vibanda vichache, na leo duka limefuatana na duka, saa za dhahabu, pombe za nchi zote, yote bila ushuru. Akina mama walimsikiliza kwa utulivu wa watu wa kazi moja.

"Na pamba?" mama mkwe akauliza. "Msafiri anapewa pamba?"

"Hapana, mama. Hapo kila kitu unalipa. Hata maji."

Wote wakamsikitikia. Mwenye chumvi alisema viwanja hivyo labda ni vipya, watu wake bado hawajajifunza.

Mimi nilikuwa bado kwenye kibanda changu na mgongo wangu. Lakini nakiri nilikuwa nimeanza kumpenda mama mkwe kwa namna ambayo ukwe hauna neno lake. Aliposikia nakohoa, aliuambia umati kwa sauti kwamba kuna watu hawajui kuvaa shati zito asubuhi. Alipotaka kujua kama ndege inakuja na hapakuwa na mtu karibu wa kumtuma, alimuuliza mbuzi. "We mbuzi, ile ndege itafika leo ao tufungashe?" Nami nilimjibu mbuzi kwamba imekwisha kuruka Bukavu. Mbuzi yule alijua mambo mengi ya familia yetu.

Na kila safari kifurushi cha majani ya mgomba kilikwenda mikononi mwa rubani, na kila safari mama mkwe hakuomba kitu. Mke wangu alikuwa anahesabu miezi kwa tumbo lake, mama yake anahesabu kwa macho, wakakubaliana: mwezi wa nane ukiingia, hapo ataomba. Mapema zaidi, angerudishwa asubiri nyumbani. Baadaye zaidi, ni hatari.

Mwezi wa nane ulipoingia, mapigano yakarudi. Ndege zikakoma.

Wiki ya kwanza tulisema ni mvua. Wiki zilizofuata tuliacha kusema. Mama mkwe aliendelea kuja kila siku, akaweka meza, akapanga samaki, akafunga kifurushi cha pamba kwa ajili ya rubani asiyekuja, jioni akakirudisha nyumbani tukakila sisi.

Na hapa ndipo tulipofanya kosa ambalo nadhani halijafanyika katika uwanja mwingine wowote wa ndege duniani. Mvua iligeuza kando ya uwanja kuwa tope. Mama mkwe, aliyekuwa na goti bovu, siku moja alibeba meza yake akaisogeza kwenye udongo ulioshindiliwa, pale pakavu, ukingoni mwa njia ya ndege. Kazi yangu ilikuwa kumwambia atoke. Mtu mwingine yeyote ningemfukuza pamoja na mbuzi. Lakini nitamwambiaje mama mkwe aondoke, mimi ambaye hata kumkaribia siwezi? Nilisimama mlangoni nikakohoa. Nikamwambia mbuzi kwamba mahali pa ndege ni pa ndege. Mama mkwe alimjibu mbuzi kwamba ndege ikija ataiona, si kipofu.

Akina mama wengine walielewa upesi. Ambapo meza ya mama mkwe wa bwana foni imekaa, bwana foni hafiki. Kesho yake mwenye chumvi akasogea nyuma yake, halafu vitenge, halafu kinyozi na kioo chake. Waliweka vigingi, wakatandaza maturubai. Kila siku soko lilisonga hatua chache, na kila siku nilikohoa zaidi. Mwisho lilikuwa limekaa katikati kabisa ya uwanja, safu nne zenye njia za kupita, na mtu angeweza kutembea kutoka mwanzo wa uwanja hadi mwisho akinunua. Nilikaa ndani na miwani yangu nikiomba Mungu ofisi isije ikaniuliza hali ya uwanja.

Asubuhi moja uchungu ulimshika mke wangu kabla ya wakati. Mama yake hakupoteza muda wa kulia. Aliita majirani, wakamweka kwenye machela, wakamleta uwanjani moja kwa moja, wakamlaza kivulini nyuma ya kibanda. Nilipotoka nilimkuta uso umejaa jasho. Nilikuwa nimeiona sura ile mara mbili. Nilijua mwisho wake.

Foni ilikuwa imesema kitu kimoja asubuhi: ndege ilikuwa angani. Si kuja kwetu. Ilikuwa imepeleka dawa Minembwe, juu milimani, na sasa inarudi Bukavu. Nilimwita rubani. Nikamweleza kwa utaratibu wote niliofundishwa kwamba kuna mgonjwa wa dharura na ninaomba ashuke. Kabla hajajibu, ofisi iliingia katikati. Baraka haijaruhusiwa. Usishuke Baraka.

"Umesikia," rubani akaniambia taratibu. "Wamekataa, ndugu yangu. Pole."

Nilibaki na kinasa sauti mkononi. Kisha mwanga wa mlangoni ukazibwa, na mama mkwe akaingia.

Hakujifunika. Aliingia na goti lake bovu ndani ya chumba ambacho mimi na yeye hatukutosha, akasimama bega kwa bega na mimi, akanyoosha mkono. Nilimpa. Akaanza kusema na chuma kile kikiwa kimelala, kwa sababu hakujua kwamba kuna kitufe, na sikuwa na muda wa kutafuta mbuzi wa kumwambia. Nikaweka kidole changu juu ya kidole chake, nikabonyeza.

"Mutoto wangu. Ni mi."

Redio ikakoroma. "Mama? Mama wa samaki?"

"Njo mi, mama wa samaki. Sikia. Binti yangu anataka kuzala na hawezi kuzala bila kupasuliwa. Tulishazika babili. Mi sikukuya hapa kuuzisha samaki. Nilikuwa natafuta kiti yake. Siku yote ile sikukuomba. Leo nakuomba."

Hakutaja mayai wala muhogo. Nikainua kidole chake pamoja na changu, naye akasimama akipumua, tukisikiliza. Nikasikia ndege kabla sijasikia rubani. Sauti ile ndogo kutoka upande wa milimani, inabadilika, inageuka.

"Mama," redio ikasema, "mimi naona soko katikati ya uwanja."

Sijawahi kukimbia vile. Nilitoka nikipiga kelele kwamba ondoeni, ondoeni, ndege inashuka, na unajua walichofanya? Walinicheka. Walikuwa wamezoea kelele zangu. Halafu mama mkwe akatoka nyuma yangu, akaenda kwenye meza yake, ile iliyoanzisha mambo yote, akaikamata miguu akaipindua mtaroni pamoja na kila samaki aliyekuwa juu yake.

Hapo uwanja mzima ulinyanyuka. Vigingi viling'olewa, maturubai yakaburutwa, mawese yakamwagika yakatengeneza kijito chekundu. Mwenye chumvi alimwaga chumvi yake chini ili apate gunia tupu la kubebea sahani za jirani. Kinyozi alikimbia amekumbatia kioo, na mteja wake nyuma yake mwenye nusu ya kichwa kilichonyolewa. Sikumwona mtu hata mmoja akisimama kuuliza nani atamlipa. Walikuwa wanamjua yule aliyelala nyuma ya kibanda. Wengi walikuja kwenye misiba yetu yote miwili. Rubani alizunguka mara moja, akapita chini akitazama, akarudi akashuka. Magurudumu yalipita juu ya ndagala waliosahauliwa, na harufu yake ilikaa kwenye udongo ule mwezi mzima.

Rubani aliruka chini injini ikiwa inaunguruma. "Haraka. Mtu mmoja wa kumsindikiza, mmoja tu."

Hapakuwa na mjadala. Mama mkwe alipanda. Mimi na majirani tulimwinua mke wangu, na alipokuwa usawa wa uso wangu akafumbua macho. "Usilie mbele ya batu," akaniambia, yeye ambaye midomo yake ilikuwa imekauka mpaka kupasuka. Mlango ukafungwa. Nililia mbele ya watu wote.

Usiku ule sina la kuusimulia. Nilikaa. Asubuhi, kabla ya saa ya foni, kibanda kilikuwa kimezungukwa. Akina mama wa soko walikuwa wamekaa chini, bila meza na bila bidhaa, wakisubiri tu. Ofisi ilinianza kwa kunikaripia kuhusu uwanja, nami nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kisha wakasema kuna mtu anataka kusema, na nikasikia mikwaruzo, na pumzi ninayoijua.

"Mukwe wangu," akasema.

Nilisimama. Hakuwahi kuniita kwa kinywa chake, uso kwa uso au vinginevyo.

"Niliwaza usiku yote. Nikaona kwa foni hatuonane. Basi hakuna bibaya. Bako bazima wote babili. Mama yake analala. Mutoto iko. Sikiliza."

Na akaweka kile chuma karibu na mtoto.

Kilio kilichotoka kwenye redio ile kilikuwa chembamba, cha hasira, kisichokatika. Nje walisikia, wakapiga vigelegele, na mimi nikabonyeza kitufe kusema asante, mama, asante. Hakunisikia. Alikuwa bado anabonyeza cha kwake. Safari hii alikuwa amejifunza kubonyeza, lakini hakuna aliyemfundisha kuachia. Mtu akishika kitufe, hakuna mwingine anayeweza kusema. Njia yote ilikuwa ya mtoto. Vituo vyote vilivyokuwa vimefungua redio asubuhi ile, vyenye habari za mapigano, za dawa na za waliokimbia, vilinyamazishwa, vikabaki vinamsikiliza binadamu mmoja aliyezaliwa usiku akilia. Alilia kwa muda mrefu.

Hatimaye mtu huko Bukavu alimtoa kidole kwenye kitufe. Kisha Nundu wakasema hongera. Kilembwe wakasema hongera, na nyuma ya sauti ya mwenzangu nilisikia watu wakipiga makofi. Kisha ikaja sauti nisiyoizoea, na ilichukua muda nikatambua ni Minembwe. Siku zile watu wa juu na sisi wa chini tulikuwa tumezika wengi mno, kila upande kwa sababu ya mwingine, na kituo kile hakikuwa kimetuita tangu mapigano yaanze.

"Baraka, hongera," ikasema. "Tulisikia. Ni mwanaume ao mwanamuke?"

Nikabonyeza kitufe nijibu, na nikakuta sijui. Sikuwa nimeuliza.

"Analia," nikamwambia. "Ndugu yangu, analia sana."